Mfuniko wa sitaha unavuja: lami, silikoni, gundi ya vioo au butili?

Nyumbani kwetu Ujiji, nje ya jiko, kuna mawe manne ambayo watoto hukanyaga wakiosha miguu. Ukiyatazama vizuri utaona mikunjo ya mfuko na alama ya mshono kwa juu. Yalikuwa saruji. Yalipakiwa kwenye boti yetu Kibirizi, Ziwa Tanganyika, jioni yakiwa makavu, yakateremshwa Kalya yakiwa mawe, na mwenye mzigo nikamlipa. Boti haikutoboka wala haikuingiza maji kwa chini. Maji yalipita juu, pembeni mwa mfuniko wa sitaha, tone kwa tone, usiku kucha.

Tangu siku hiyo nimeziba, nimebandua na kuziba upya mifuniko ya boti mbili: yetu ya mizigo na ya shemeji yangu ya dagaa. Nimetumia karibu kila kitu kinachouzwa Kigoma mjini kwa jina la kuziba, na vingine ambavyo havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Nilichojifunza ni kwamba swali tunalouliza dukani, "ipi kali kuliko zote?", ndilo linalotupoteza. Mfuniko mmoja una mishono miwili yenye tabia tofauti kabisa, na kinachoponya mmoja kinaharibu mwingine.

Mishono miwili, na wezi wadogo katikati

Tundu la sitaha huzungushiwa ukuta mfupi wa mbao. Mimi nauita kizingiti, maana kazi yake ni ileile ya kizingiti cha nyumba: maji ya uani yasiingie ndani. Mshono wa chini ni pale kizingiti kinapokalia sitaha. Huo ukishafungwa haufunguliwi tena, kwa hiyo unataka kitu kinachong'ang'ania mbao na kunyumbulika nayo. Mshono wa juu ni pale mfuniko unapokalia kizingiti. Huo hufunguliwa na kufungwa kutwa nzima, unataka kitu kinachobanwa kikarudi, wala kisigande. Halafu kuna wezi wadogo: matundu ya bolti za bawaba na komeo. Mimi nilipoteza wiki nzima nikibadilisha raba wakati maji yalikuwa yanashuka kwenye bolti moja ya bawaba.

Usiamini mahali tone linapodondokea. Maji yakishaingia chini ya sitaha hutembea juu ya boriti hadi yapate kona ya kudondokea, na kona hiyo inaweza kuwa hatua mbili kutoka tundu lilipo. Mzee mmoja fundi wa Katonga aliniona nikipaka silikoni chini ya tone, akasema, "Kijana, maji yanatoka huku kwa sababu huku ndiko yamechoka kutembea." Wenzetu wa pwani wana methali, tezi na omo marejeo ni ngamani. Wao wana maana yao pana, lakini kwa maji ya mvua ni hivyohivyo bila mafumbo: yaingie nyuma au mbele, utayakuta chini kabisa ya boti, na hayatakwambia yalikopitia.

Kwa hiyo pima kwa ndoo, ukianzia chini. Mwenzako aingie ndani na tochi. Mwaga maji taratibu kwenye mshono wa kizingiti na sitaha tu, dakika tano, bila kulowesha mfuniko. Kukiwa kukavu, panda kwenye bawaba na komeo. Kukiwa kukavu bado, mwaga juu ya mfuniko wenyewe. Ukianza juu, maji yatashuka kwenye mishono yote kwa pamoja na hutajua kitu.

Mshono wa juu una kipimo kingine cha chaki, kilekile wanachotumia wakaguzi kwenye meli kubwa. Paka chaki juu ya ukingo wa kizingiti, funga mfuniko kwa komeo zake, fungua. Mstari wa chaki kwenye raba ukiwa umekatika, pale ulipokatika ndipo maji yanapopita.

Mshono wa chini: washindani wanne juu ya bati

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, boti ya shemeji ilikaa mchangani, na sisi tukapata nafasi ya kubishana. Yeye ni mtu wa lami. Mimi nilikuwa na imani na silikoni wakati huo. Tukakata vipande vinne vya mninga kutoka mbao moja ya Tabora, kila kimoja tukakifungia kipande kidogo cha mbao juu yake kwa bolti moja, na kila kimoja tukakiziba kwa kitu chake. Tukaviweka juu ya bati la jiko, jua likavipiga kiangazi chote, mvua ikavikuta, na mwezi wa pili tukavishusha.

Kile cha pamba na lami kilikuwa kimelia. Lami ilitiririka jua kali la Septemba, ikaacha mfereji mwembamba kando ya pamba, na mvua zilipoanza ule mfereji ukawa njia. Sisemi pamba na lami ni kitu kibaya. Kwenye mishono ya mbao za ubavu, chini ya maji, ambako mbao haikauki na jua haliipigi, sijaona kinachoishinda kwa bei yake. Pamba inapigwa kwa patasi butu, mbao inavimba, inaibana, basi. Lakini sitaha haina maisha hayo. Kiangazi inakauka hadi mishono inafumbuka, masika inavimba, na kizingiti kimesimama juu yake kikivutwa huku na huku. Lami ya baridi ni ngumu na inapasuka. Lami ya moto inatiririka. Ikiwa mfuko hauruhusu zaidi, tumia, ila jua kwamba kila mwisho wa kiangazi utarudia.

Hapa niseme jambo linalowachanganya wanaoleta ujuzi wa Dar au Tanga. Baharini chumvi huisaidia mbao kidogo, kuvu wa kuozesha hawapendi chumvi. Tanganyika ni maji yasiyo na chumvi ya kutosha, na mvua haina kabisa. Sitaha zetu huoza kutoka juu kwenda chini, kuanzia kwenye mshono uleule wa kizingiti. Ukiona rangi imevimba kama lengelenge kando ya kizingiti, choma kwa ncha ya kisu. Kikizama kama kwenye ndizi mbivu, weka tyubu pembeni, hiyo ni kazi ya kubadilisha mbao. Gundi yoyote juu ya mbao iliyooza inafungia maji ndani tu.

Kipande cha silikoni kilinitia aibu. Nilishika ncha kwa kucha, nikavuta, ikatoka yote kama ganda la ndizi, na upande wa mbao ulikuwa safi, haukushikwa hata kidogo. Silikoni hushika kioo na vigae vizuri sana, ndiyo maana imejaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na jua haliiwezi. Mbao yenye mafuta yake na inayotembea ni habari nyingine. Ile inayonuka siki hula pia skrubu za chuma. Lakini kosa lake kubwa linakuja baadaye: ikishapita mahali, hakuna kingine kinachoshika hapo vizuri. Inaacha utando usioonekana, ukipaka rangi inakimbia kama maji juu ya mafuta. Nililazimika kuranda mbao hadi kwenye nyama mpya. Aliyeniuzia tyubu ya kwanza aliniapia kuwa "hii hata meli wanatumia". Huenda, chooni mwa meli.

Kipande cha gundi ya vioo tulikitoa kwa patasi na nyundo, na mbao ndiyo iliyochanika kwanza. Hii ni poliuretani nyeusi, ileile ambayo mafundi wa magari hubandikia kioo cha mbele. Hukauka kwa unyevu wa hewani, takriban milimita 3 kwa siku, kwa hiyo ukiweka nene usikimbilie majini kesho yake. Inashika mbao, chuma na faiba, inanyumbulika, na inapakwa rangi. Kasoro zake ni mbili. Moja, ukishafunga umefunga: siku unapotaka kung'oa kizingiti utakitoa vipandevipande. Mbili, tyubu ikishafunguliwa inaganda ndani baada ya siku chache hata ukiifunga mdomo, kwa hiyo panga kazi zote za siku moja. Na usiiguse plastiki angavu: mifuniko ile ya kisasa yenye kioo cha plastiki, kama kwenye boti za faiba zinazopeleka wageni Gombe na Mahale, hupata nyufa ndogondogo ikikutana nayo. Huko ndiko silikoni inakopata heshima yake.

Cha nne kilikuwa cha utepe wa butili, aina ya raba laini inayonata. Tulipofungua bolti kilinyooka kama bazoka ya kutafuna, bado kibichi, bado kinanata pande zote mbili, na chini yake mbao ilikuwa kavu kabisa. Butili haigandi. Ndiyo siri yake yote: mbao ikivimba inabanwa, ikinywea inafuata. Na siku ukitaka kufungua, unafungua. Lakini haina nguvu ya kushika. Kazi ya kushika ni ya bolti, butili inaziba tu. Pale isipobanwa na kitu haina maana, na ukingo wake ukibaki wazi unaokota mchanga na magamba ya dagaa mpaka unatisha. Petroli inaiyeyusha.

Kuipata Kigoma kunahitaji macho. Madukani utaonyeshwa utepe wa kuzibia mabati, wenye karatasi ya kung'aa juu. Mwingi wa huo ni lami. Vuta kipande: kikikatika upesi na kunuka barabara mpya, ni lami, rudisha. Kikinyooka kama uzi na kukataa kuachana na vidole vyako, hiyo ni butili. Mafundi wanaofungua na kufunga taa za magari huwa nayo, maana taa nyingi zimezibwa kwa hiyohiyo.

Uamuzi wangu, baada ya lile bati: kizingiti chenyewe kwa gundi ya vioo, bolti zote za bawaba na komeo kwa butili. Kizingiti hutakiondoa leo wala kesho. Bawaba utaibadilisha.

Namna ya kufunga ina uzito kuliko jina la dawa. Panua kidogo mdomo wa tundu la bolti kwa kichwa cha kekee kikubwa zaidi, ili butili ipate kikombe cha kukaa, iizunguke bolti kama pete. Bila hicho kikombe, yote hukamuliwa nje. Kwa gundi ya vioo, usikaze hadi itoke yote pembeni. Acha unene wa milimita 3 hivi kati ya mbao na mbao, hata kwa kuweka vijiti vidogo vya kukadiria, kwa sababu safu nyembamba hainyumbuliki, inachanika. Na unapokaza bolti, zungusha nati kwa chini. Kichwa cha juu kishikilie kisigeuke. Kikigeuka kinaichana pete uliyoitengeneza.

Mshono wa juu: hapa ni raba

Kwanza urefu wa kizingiti. Mkataba wa kimataifa wa mistari ya upakiaji wa 1966 unataka vizingiti vya matundu ya sitaha kwenye meli za baharini viwe na milimita 600 sehemu zilizo wazi zaidi, na 450 kwingine. Si sheria ya boti zetu, na kizingiti cha goti kwenye boti ya dagaa kitamwangusha mvuvi majini usiku. Lakini ukilinganisha na vizingiti vya vidole vitatu ninavyoviona Kibirizi, utaelewa kwa nini kusi likipuliza, mawimbi yakapanda sitahani, raba pekee haitoshi. Kizingiti cha shibiri moja kinapunguza kazi ya raba kwa sehemu kubwa.

Raba ya mlango wa gari, ile yenye tundu katikati, ndiyo niliyokaa nayo. Inavumilia jua, inabanwa karibu nusu ya unene wake na kurudi. Chukua ya gari lililokatwa kama haijakakamaa, kata miisho yake kwa mshazari, iunge kwa gundi ya viatu, na maungio yaelekee nyuma ya boti, si mbele ambako maji hupiga. Usiunge kwenye kona. Komeo ziwe mbili au zaidi. Komeo moja katikati hukunja mfuniko na kuinua pembe.

Sponji nyeusi ya kubandika ni rahisi na inafungwa kwa dakika kumi, lakini angalia aina. Ile inayonyonya maji ukiichovya ni godoro dogo, inaloweka kizingiti usiku kucha. Inayofaa haiingizi maji hata ukiikata, na inatakiwa ibanwe theluthi moja hivi. Ukiibana zaidi inalala na haiamki.

Tyubu ya baiskeli iliyochanwa, ambayo wengi wetu tumeanzia hapo, haina unene wa kubanwa. Inaziba mbao iliyonyooka kama rula, na mbao hiyo sijaiona.

Grisi je? Wengi huipaka kwenye raba mfuniko usigande. Najua inakotoka imani hiyo, maana kila mtoto wa Kigoma amesimuliwa habari ya meli ya Liemba: Wajerumani walivyoipaka injini grisi kabla ya kuizamisha Julai 1916, ikainuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Grisi iliokoa chuma. Raba ya mlango wa gari haipendi mafuta, inavimba na kulegea kama nyanya iliyoiva kupita kiasi. Paka poda ya mtoto.

Kuna njia ya tano isiyohitaji kwenda dukani: mfuniko wa kofia. Badala ya ubao bapa unaokalia kizingiti, tengeneza mfuniko wenye mbavu zinazoshuka nje ya kizingiti pande zote, kama mfuniko wa sufuria kubwa. Mvua ikinyesha inateremka nje, haina pa kuingilia, hata bila raba. Hauzuii wimbi linalopiga kwa ubavu, lakini kwa mvua sijaona kilichouzidi, na ukiongeza raba ndani yake umemaliza. Mafundi wetu huutengeneza bila shida ukiwaomba. Tatizo ni kwamba hatuombi.

Turubai juu ya yote ni jambo jema kwa safari ya usiku, mradi lifungwe chini ya kizingiti, si kwenye mfuniko.

Kwa nani nini

Boti ya dagaa, yenye kitundu kidogo mbele cha kuwekea kamba na betri za taa: mfuniko wa kofia, bolti kwa butili, basi. Gharama ndogo, na hakuna cha kuganda.

Boti ya mizigo ya kwenda Kalya au Kagunga, yenye unga na saruji chini: kizingiti cha shibiri, gundi ya vioo chini, butili kwenye bolti, raba ya gari juu, komeo nne. Ukiweka bei ya vyote pamoja haifiki mifuko yangu minne.

Boti ya faiba yenye mfuniko wa kununua: usibuni. Raba yake ikichoka tafuta ya umbo lilelile, na fremu ikivuja tumia butili. Silikoni iishie kwenye kioo cha plastiki tu.

Kama unahifadhi madumu ya petroli chini ya mfuniko huo, usiuzibe mpaka umeweka njia ya hewa, bomba la kupinda moja juu na jingine linalofika chini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini kama ukungu, na sehemu iliyofungwa vizuri inausubiri mtu mwenye kiberiti. Afadhali petroli ikae wazi, mahali penye hewa, kuliko kufungiwa pakavu.

Kazi yenyewe ifanye Agosti au Septemba, mbao ikiwa kavu. Boti ya shemeji tuliimaliza wiki ya mwisho ya Septemba. Mvua ya kwanza ilipokuja usiku, tulikuwa tumetandaza mifuko mitupu ya saruji chini ya mfuniko, maana karatasi ile hubadilika rangi hata kwa tone moja. Asubuhi tukaingia na tochi. Karatasi ilikuwa kavu yote isipokuwa madoa matatu, yote chini ya bawaba ya kushoto. Ile bolti nilikuwa nimeikaza mimi, kwa haraka, kwa kuzungusha kichwa.